Kilicho Hai ni Kipi, na Mtu Ana Wajibu Gani Juu Yake

Hii ni mas'ala waliyoizungumza watu wa elimu tangu zamani, na katika zama hizi imerejea kwa mlango mwingine, nao ni mlango wa hospitali. Mas'ala yenyewe ni kuuliza: kilicho hai ni kipi? Hujulikana kwa alama gani? Na kikishajulikana kuwa ki hai, mtu amelazimika nini juu yake?

Mwenye kutoka Pwani akapanda bara kwa njia ya misafara ya zamani, ambayo tangu 2024 huendwa pia kwa treni ya umeme, hufika Dodoma, mji uliokaa juu ya uwanda mkavu, kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari. Nkuhungu ni kata mojawapo ya mji huo. Mvua ya huko kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka mzima, nayo huja msimu mmoja tu, tangu Disemba hata Aprili. Baada ya hapo nchi hukauka, majani yakawa vumbi, mibuyu ikasimama mitupu kama kwamba imepandwa kichwa chini. Katika miezi hiyo mkulima huwa na mbegu yake ya mtama au uwele ameitenga mahali pakavu. Mbegu hiyo haili, haikui, haijongei, wala haizai. Ukiipiga hailii. Je, i hai au imekufa? Akisema mtu kuwa imekufa, huulizwa: mbona Disemba ikipata maji huota? Na kilichokufa hakirudi kwa kunyweshwa maji. Na akisema i hai, huulizwa: umeujuaje uhai wake, na hapana hata alama moja uliyoiona?

Watoto wa skuli hufundishwa kuwa alama za vilivyo hai ni saba: kula, kupumua, kutoa taka, kukua, kuzaa, kujongea na kuhisi. Ni hesabu njema kwa mwanafunzi wa kwanza, lakini mwenye kuipima ataona haikukamilika. Moto hula kuni, hutoa moshi na jivu, hukua, hujongea, na moto mmoja huzaa moto kumi. Wala hapana mwenye akili aliyesema kuwa moto u hai. Chumvi ya mashimo ya Pwani, maji yakikauka, hukua chembe juu ya chembe kwa mpango mzuri, nayo ni jamadi. Na baghala, aliyezaliwa na punda na farasi, kwa desturi hazai kabisa, naye yu hai anapiga mateke. Basi alama hizo zaweza kuwapo pasipo na uhai, na zaweza kukosekana penye uhai.

Watu wa Pwani wana mfano mwingine mbele ya macho yao. Tunda la mkoko halilali. Huota lingali juu ya mti mama, likateremsha mche mrefu kama fimbo, kisha likaanguka matopeni tayari kwa kushika mizizi, au likachukuliwa na maji mpaka ufuo mwingine. Mtama wa Nkuhungu ni kinyume chake. Huo hulala usingizi mrefu ukingoja mvua. Yote miwili ni mimea, na kila mmoja umepewa desturi inayofaa nchi yake.

Ajabu kubwa zaidi ni ya samaki. Unguja kuna samaki mdogo ambaye wenye elimu humwita Nothobranchius guentheri, na jamaa yake, Nothobranchius taeniopygus, hukaa katika vidimbwi vya uwanda wa kati wa Tanzania. Vidimbwi hivyo hukauka kila mwaka, na samaki wote waliomo hufa, hasalii mmoja. Lakini kabla ya kufa wamekwisha kuyafukia mayai yao katika tope, na ndani ya yai kitoto huanza kuumbika, kisha husimama katikati ya kuumbwa kwake, hakiendi mbele wala hakiozi, na tope limekauka likapasuka. Mvua ikirudi, mayai huanguliwa, na samaki hao hukua upesi sana, wakawa wazima katika muda wa wiki chache, kwani maji hayatawangoja. Asiyejua hudhani wameshuka na mvua. Na katika kokwa, ya kutajwa ni ile ya mtende iliyochimbuliwa Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, ambayo umri wake ulipimwa ukaonekana kuwa kiasi cha miaka 2,000. Ilipandwa mwaka 2005 ikaota ikawa mtende.

Haya yote yanaonyesha kuwa uhai haujulikani kwa kutazama tendo la nje peke yake. Chukua punje mbili za mtama zilizotoka suke moja, moja uichemshe kisha uianike ikauke, na ya pili uiache. Ziweke juu ya kitanga cha mkono. Rangi yao yakaribia kuwa moja, na zote mbili ziko kimya. Lakini moja imekufa na moja i hai. Tofauti yao iko ndani, mahali jicho lisipofika.

Mahali hapo palifikiwa kwa hadubini. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande chembamba cha gome la mti, lile ambalo watu huzibia chupa, akaona vijumba vitupu vimepangana kama sega la nyuki, akaviita kwa neno lenye maana ya chumba kidogo, na neno hilo ndilo lililoingia Kiswahili kuwa seli. Alivyoviona yeye vilikuwa vyumba ambavyo mwenyeji wake ameshahama, kwani gome lile lilikuwa limekufa. Baadaye, mwaka 1838, Schleiden alisema juu ya mimea kuwa yote imejengwa kwa seli, na mwaka 1839 Schwann akasema hayo hayo juu ya wanyama, na mwaka 1855 Virchow akatoa kauli iliyobaki mpaka leo, kwamba hapana seli illa iliyotokana na seli nyingine. Kila kilicho hai kinachojulikana ni seli moja au ni mkusanyiko wa seli. Kijidudu cha malaria ni seli moja tu. Mwili wa mtu mzima hukisiwa kuwa na seli trilioni 30, na nyingi katika hizo ni za damu nyekundu, ambazo ukizipanga safu, zaidi ya 100 huingia katika milimita moja.

Seli nayo ni nini? Ni tone la maji lenye vitu vingi ndani yake, limezungukwa na utando mwembamba. Utando huo ni kama mlango wenye bawabu: huruhusu kingiacho na kitokacho, na kwa ajili yake yaliyo ndani hayafanani na yaliyo nje. Katika seli za mimea na za wanyama mna kiini kilichobeba maagizo ya urithi, na seli ikitaka kugawanyika, maagizo hayo hunakiliwa kwanza, kila upande ukapata nakala yake, kama vile chuo kinavyonakiliwa kwa mkono, na mara mojamoja mwandishi hukosea herufi. Ndani mna kazi isiyokoma ya kuunguza chakula na kupata nguvu. Na yote hayo hupita katika maji. Qur'ani, katika Suratul Anbiyaa aya ya 30, imeyataja maji kuwa ndiyo asili ya kila kilicho hai. Mbegu ya mtama iliyokauka imetolewa maji mengi, kazi ikapungua hata ikakaribia kusimama, lakini utando haukupasuka na maagizo hayakuharibika. Punje iliyochemshwa imevunjwa ndani. Ile ya kwanza ni nyumba iliyofungwa kwa kufuli na mwenyewe yumo amelala. Ya pili ni nyumba iliyobomoka kuta ikabaki sura ya mbele.

Ama virusi, hizo hazina seli. Ni maagizo ya urithi yaliyofungwa katika kifuko, hazili wala hazikui peke yake, na haziongezeki mpaka ziingie katika seli ya mwingine zikaitumikisha. Wenye elimu hiyo wamehitilafiana kama ziitwe hai au zisiitwe, na hitilafu yao haijesha.

Sasa, ndugu msomaji asidhani kuwa hitilafu ya namna hii ni jambo geni lililoletwa na hadubini. Mafakihi waliigusa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, walipouliza juu ya mfupa na nywele za mzoga. Madhehebu ya Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra (820), katika kauli yake mashuhuri ni kwamba mfupa, pembe na nywele vina uhai, basi mnyama akifa pasipo kuchinjwa kisheria, navyo vimekufa pamoja naye, vikawa najisi. Miongoni mwa hoja zao ni kwamba vitu hivyo hukua kwa kukua kwa mwili, na kwamba katika Suratu Yasin, aya ya 78, mifupa imetajwa pamoja na kuhuishwa. Na madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 (767), yasema kuwa vitu hivyo havina uhai, kwani mwenye kukatwa nywele au ukucha haumwi, na mauti hayaingii pasipokuwa na uhai, basi ni tohara. Tazama vizuri: hawa walishika kukua, na wale walishika kuhisi. Hilo ndilo swali lile lile la punje ya mtama, ila kwa nguo ya fiqihi.

Wala halikuwa swali la vitabuni tu kwa watu wa Pwani. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilizopelekwa Bagamoyo na Unguja kutoka Tabora na Ujiji zilipita Ugogo juu ya mabega ya wapagazi, na watemi wa Kigogo wakitoza hongo kila mahali kwa maji na njia. Wafanya biashara waliokuwa wakizipokea Pwani wengi walikuwa Mashafi. Na Mashafi wameitaja pembe ya ndovu kwa jina lake: kwamba ni najisi, kwani ndovu haliwi hata achinjwe, basi kuchinja hakumtoharishi, na chombo kilichotengenezwa kwayo hakifai kwa kitu cha majimaji. Imamu Nawawi ameieleza mas'ala hiyo katika Majmu. Wangapi katika wafanya biashara hao waliikumbuka walipokuwa wakihesabu frasila, ni jambo la kwao na Mola wao.

Hadubini imesema nini kati ya makundi mawili haya? Katika mfupa imeonekana kuwa ndani ya ule ugumu wa chokaa mna vishimo vidogo mno, na katika kila kishimo imekaa seli hai, na vijia vyembamba vimeziunganisha seli hizo na damu. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Kwa mtu mzima kiasi cha sehemu moja katika 10 ya mifupa yake hufanywa upya kila mwaka. Basi mfupa u hai, hapana shaka. Ama unywele, ulio hai ni mzizi wake tu ulio ndani ya ngozi. Unaoonekana nje ni seli zilizokufa zikakauka, na unywele hukua kwa kusukumwa kutoka chini, si kwa kuongezeka wenyewe. Na pembe ya ndovu iko baina ya hivyo: huongezeka kwa seli zilizoko shinani, katika ule uwazi uliojaa nyama laini na damu, nazo hupeleka nyuzi nyembamba katika ugumu wake, lakini ncha ya pembe ni kongwe, imekwisha kuachwa nyuma.

Hivyo katika mfupa ushahidi umekuwa upande wa Mashafi, na katika unywele ulio nje umekaribia upande wa Mahanafi. Lakini si adabu ya elimu kusema kuwa hadubini imekuja kuhukumu madhehebu. Hukumu ya tohara haikujengwa juu ya kioo. Mafakihi walihukumu kwa dalili za sheria na kwa mambo ambayo mtu wa kawaida aweza kuyaona, ili mchungaji na baharia waweze kuyafuata. Mfano wake ni mdudu azaliwaye ndani ya tunda au siki: wazee walidhani kuwa hutokana na tunda lenyewe, mpaka Redi, mwaka 1668, alipoonyesha kuwa funza wa nyama hutoka katika mayai ya nzi, na Pasteur, kabla ya 1865, alipoonyesha kuwa hata vijidudu visivyoonekana havizuki pasipo na asili. Dhana ya wazee kuhusu asili ya mdudu imeondoka. Hukumu yao, kwamba mdudu huyo akiliwa pamoja na tunda hapana ubaya, imebaki, kwani ilisimama juu ya uzito wa kumtenga, na uzito huo upo mpaka leo.

Lenye faida zaidi ni jambo walilolikubali wote wawili pasipo kulitamka: kwamba neno uhai si kitu kimoja. Ibn Sina aligawanya nafsi kwa daraja tatu. Ya kwanza ni ya mimea, na kazi yake ni kula, kukua na kuzaa. Ya pili ni ya mnyama, ambayo huongeza kuhisi na kujongea kwa kutaka. Na ya tatu ni ya mwanadamu, yenye akili. Na Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 (1350), akasema juu ya mimba tumboni kuwa kabla ya kupuliziwa roho ina mwendo wa kukua na kula kama mmea, na baada ya kupuliziwa huongezewa mwendo wa kuhisi na kutaka. Mwenye kuishika tofauti hii atakuwa ameshika ufunguo. Seli ina uhai wa daraja ya kwanza. Nafsi ya mtu, ile ambayo sheria imeharimisha kuiua, si jumla ya seli zake.

Dalili ya hayo iko katika mauti. Mtu akifa, ngozi yake haikufa yote saa ile. Seli zake nyingi huendelea muda wa saa kadhaa, wala hapana aliyesema kuwa asioshwe wala asizikwe mpaka ya mwisho itulie. Na kuna jambo la mwanamke wa Kimarekani Henrietta Lacks, aliyefariki mjini Baltimore mwaka 1951 kwa saratani. Kabla ya kufa kwake waganga walichukua seli za uvimbe wake, zikalelewa katika vyombo, zikagawanyika, nazo zingali zikigawanyika katika maabara za dunia nzima, na kwa hizo dawa na chanjo nyingi zimechunguzwa. Je, mwanamke huyo yu hai? La, amekufa, watoto wake wakawa mayatima. Lakini kwa kuwa seli si yeye, je, yafaa kuzichukua pasipo kumwuliza, na wengine wakapata mali kwazo? Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Hudhani kuwa ikiwa seli haina haki, basi hapana haki iliyovunjwa. Haki haikuwa ya seli. Ilikuwa ya mwenyewe, kama nguo isivyokuwa na haki na mwizi wake akaadhibiwa.

Kwa mizani hiyo, kuosha mikono kwa sabuni na kuua maelfu ya bakteria si dhuluma, na kutoa damu kwa kuumika si kuua. Na mbegu ya mtama nayo ni hivyo hivyo, ijapokuwa swali lake ni zito kuliko linavyoonekana. Ugogo iliwahi kuingia njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Katika vita vile majeshi ya Wajarumani na ya Waingereza yalichukua nafaka na ng'ombe, wanaume wakachukuliwa kuwa wapagazi, kisha mvua ikakosekana, na maelfu ya watu wakafa. Mtu aliyekuwa na kikapu cha mbegu katika mwaka wa namna hiyo, na watoto wake wanalia, alikuwa mbele ya mambo mawili yaliyo hai. Punje ni hai, lakini si nafsi. Mtoto ni nafsi. Basi mtoto hutangulizwa, na mwenye kuacha mwanawe afe huku mbegu imo ndani amekosea. Lakini mbegu ikiliwa yote, watoto wale wale watakufa mwaka ujao. Basi kilicho katika kikapu si uhai wa punje peke yake, bali ni riziki ya nafsi ambazo njaa yao haijafika, na hapo baba alihitaji kupima kwa viganja, kiasi gani kiwaokoe leo na kiasi gani kibaki. Hapana kitabu kiwezacho kumpimia.

Katika zama hizi kipimo cha namna hiyo kimerudi Dodoma kwa sura nyingine. Ng'ambo ya mji iko Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako kupandikiza figo kulianza mwaka 2018, na tangu 2023 watoto wenye ugonjwa wa selimundu hupandikizwa uloto, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya mfupa inayozaa damu. Selimundu ni maradhi ya kuzaliwa nayo. Katika maagizo ya urithi yanayotengeneza wekundu wa damu imebadilika herufi moja tu, na kwa herufi hiyo seli ya damu, ambayo yapasa kuwa mviringo, hujikunja kama mundu, ikaziba mishipa midogo, mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa. Seli njema ya damu nyekundu huishi kiasi cha siku 120. Ya mundu huishi siku 10 hata 20. Aliyerithi herufi hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui hivyo, bali hupata kinga dhidi ya malaria kali, na kwa sababu hiyo imeenea katika nchi za mbu, Pwani ikiwa mojawapo. Tanzania hukisiwa kuwa watoto zaidi ya 10,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka.

Dawa ya kuung'oa kwa kupandikiza ni hii: uloto wa mgonjwa huuawa kwa dawa kali, kisha hutiwa seli za uloto wa mwingine kwa njia ya mshipa, nazo hupita katika damu mpaka zikaingia mifupani zikakaa na kuzaa. Huyo mwingine hutakiwa alingane na mgonjwa kwa alama za mwili, na aghalabu hupatikana miongoni mwa ndugu wa baba na mama mmoja, kwa bahati ya mmoja katika wanne. Basi mzazi wa Nkuhungu, au wa Tanga aliyepanda treni na mwanawe, huambiwa: anayelingana na mtoto huyu ni dada yake, naye ana miaka 8. Mnaridhia tumtoe uloto?

Hili si jambo jepesi kwa aliyesoma. Katika Minhaj, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277), amemtaja mtu aliyefikiwa na njaa ya kufa, asipate kitu. Akasahihisha kuwa aweza kukata nyama ya mwili wake mwenyewe akala, kwa masharti, hofu ya kukata ikiwa ni ndogo kuliko hofu ya kuacha. Lakini akasema ni haramu kuikata kwa ajili ya mwingine, na ni haramu kuikata kwa mtu mwingine aliyehifadhiwa damu yake. Mwenye kushika dhahiri ya maneno haya atasema hapana, wala hakukosa adabu. Amesimama na kitabu.

Walakini Baraza la Fiqihi la Kiislamu lililokutana Jedda mwaka 1988 lilitenganisha. Kiungo ambacho mwili hukirudisha wenyewe, kama damu na ngozi, likajuzisha kumpa mwingine, kwa sharti kwamba mtoaji awe na ukamilifu wa kisheria, na masharti mengine yatimizwe. Na uloto, kwa wajuavyo waganga, ni katika vinavyorudi: hutolewa kwa sindano katika mfupa wa nyonga, mtoaji akiwa amelazwa usingizi, na katika wiki chache mwili hukirudisha kilichopungua. Nyama iliyotajwa katika Minhaj ilikatwa kwa kisu, jeraha halikuwa na tiba ya kuaminika, na pengo lilibaki. Sababu zimetofautiana, na sababu zikitofautiana hukumu yaweza kutofautiana. Ama kusema kuwa uloto uliotolewa ni kama mzoga, kwa vile kilichokatwa kwa aliye hai huchukua hukumu ya maiti wake, hilo halisimami, kwani maiti ya mwanadamu ni tohara kwa Mashafi, na kipande chake ni kama yeye.

Linabaki sharti la ukamilifu, na hapo ndipo penye mwiba, kwani mtoto wa miaka 8 hana ukamilifu huo. Walii wake huruhusiwa kumtahiri na kumtibu, kwa kuwa faida humrudia mtoto mwenyewe. Je, uloto humrudishia faida gani? Wengine wamesema hapana, basi walii hana ruhusa ya kutoa kisicho chake. Wengine wamesema kuwa kumpoteza ndugu ni hasara kwa yule msichana pia, na uchungu wa sindano ni wa siku chache. Lililo karibu na haki ni kujuzisha, pale ambapo hakupatikana mtu mzima anayelingana, na mganga mwaminifu amesema kuwa hatari kwake ni ndogo, na wazazi wawili wameridhia, na msichana mwenyewe ameelezwa kwa kadiri ya akili yake, asichukuliwe kama mbuzi. Ama figo, haijuzu kwa mtoto kwa hali yoyote, kwani haioti tena. Wala mzazi hana haki ya kumpunguzia mwanawe mmoja ili kumzidishia mwingine.

Kuna swali moja ambalo wazazi huliuliza kwa kuona haya. Kijana akipona, damu yake baadaye huzaliwa na uloto wa dada yake; hata kundi la damu hugeuka likawa la dada, na seli za damu zikitazamwa huonekana ni za kike. Je, hukumu zake zimegeuka? Hazikugeuka. Ni yule yule aliyezaliwa, jina lake lile, urithi wake ni wa mtoto wa kiume, na aliyoyaharibu kabla ya tiba angali akidaiwa. Kila mtu, tangu alipozaliwa, damu yake nyekundu imekufa na kuzaliwa upya mara nyingi, na deni lake halikufutika kwa hilo. Na ikiwa uloto ulitoka kwa mwanamke wa mbali asiye na nasaba naye, uharamu wa ndoa haupatikani kwa jambo hilo, kwani undugu wa kunyonya umethibiti kwa maziwa, kunyonyeshwa mara tano, katika miaka miwili ya mwanzo, wala haukuthibiti kwa damu. Basi mabinti wa mwanamke huyo ni halali kwake kuwaoa.